Mayai Sita ya Anko

Ilinirudisha utotoni ile harufu ya yai lililochemshwa likapita muda wake, harufu ya kiberiti kidogo na sufuria iliyokaukiwa maji. Jumapili iliyopita binti yangu alikuwa mezani na daftari lake la chuo, anamenya yai kwa mkono mmoja huku akikariri kwa sauti. Anasomea biashara na wana mtihani wa uchumi. Mimi nilikuwa nachambua maharagwe, wala simsikilizi sana, mpaka akafika kwenye orodha moja.

Mtumiaji, alisoma, ni mtu mwenye akili zake, anajua anachotaka. Kutosheka kwake kunaweza kupimwa kwa nambari, na kipimo chenyewe kinaitwa yutili. Kila kitu anachokula ni sawa na kile cha kwanza, ukubwa mmoja. Anakula mfululizo bila kupumzika. Ladha yake haibadiliki katikati. Na kila anapoongeza kimoja, kutosheka anakopata kwa hicho kimoja kunapungua.

Nikamuuliza, "Na nani amesimama mlangoni?"

"Mlango gani, Mum?"

"Huyo mtu akikula. Nani anamwangalia?"

Alirudi kwenye daftari akatafuta kwa kidole, kwa sababu ni mtoto anayeheshimu swali hata likiwa la ovyo. "Hapa hakuna mtu mwingine. Ni yeye na hiyo kitu anakula."

"Basi hiyo ni uongo."

"Si uongo. Ni kitu unakubali kwanza ndio hesabu ianze. Usipokubali huwezi chora hata laini."

Niliudhika kuliko ilivyofaa. Mimi niliishia kidato cha pili, yeye yuko mwaka wa pili chuoni, na waliotunga hayo mambo hawakuyatunga wakiwa wamelala. Inawezekana sikuelewa. Lakini nimekaa na hasira hiyo siku kadhaa, naosha vyombo nayo, nafunga duka nayo, na nimeona heri niiandike kuliko kumgombeza mtoto ambaye hana kosa. Kwa sababu huyo mtumiaji wa kwenye daftari mimi namjua. Niliwahi kuwa yeye, asubuhi moja, nikiwa darasa la nne.

Wa rika langu mliokulia Noonkopir, huku Kajiado, mtaikumbuka kabla haijajaa ghorofa. Nyumba zilikuwa za mabati, moja hapa, nyingine kule mbali, na katikati ni nyasi. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi ulishika viatu mpaka unarudi nyumbani mrefu kuliko ulivyotoka. Kiangazi ilikuwa vumbi na nyumbu, wamesimama ng'ambo ya uzio wetu wa miiba kama watu wanaongoja kuhudumiwa. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi, chai ikawa na chumvi, meno yetu yakawa ya kahawia, na hatukujua kwamba chai ya kwingine haina ladha hiyo.

Mama alifuga kuku. Mayai yaliwekwa ndani ya debe la mahindi, yamezikwa nusu ili yasigongane, na siku ya Ijumaa yalipelekwa kwenye kioski. Mtoto hakuyagusa. Hatukuyaona kama chakula. Tuliyaona kama vile mnavyoona simenti dukani, kitu cha mtu mwingine kinachopitia kwenu. Aliyekula yai katika nyumba yetu ni mgonjwa. Cucu, mama yake Mama, alipoletwa kwetu kutoka Murang'a ili awe karibu na hospitali, alipikiwa yai kila asubuhi, likamenywa, likakatwa vipande vinne kwa uzi. Mimi na mdogo wangu Shiru tulikaa kwenye mkeka tukimtazama akitafuna. Baadaye walimrudisha Murang'a, na hatukumwona tena. Shiru alikuwa na miaka mitano wakati huo. Naiandika hii mapema kwa sababu mimi mwenyewe niliisahau, na ningeikumbuka ningejiokoa mengi.

Mwaka mmoja hivi baada ya Cucu kuondoka, ndugu mdogo wa Mama akaja kukaa nasi. Tulimwita Anko tu. Alisoma chuo mjini, shati lake limepigwa pasi ya makaa mpaka mstari wa mkono ungeweza kukata mkate, na alilala sebuleni na vitabu vyake vimepangwa chini ya meza. Nataka nimtendee haki. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyenifundisha kusoma saa, na viatu vyangu vya kwanza vya ngozi alininunulia yeye. Hata hayo mayai hakuyachukua bure. Aliyanunua kwa Mama kwa bei ya kioski, na Mama alilalamika hivi hivi tu kwa sababu ndugu hanunui kwa dada yake.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Anko alikuwa na kazi aliyopewa na mwalimu wake: atafute mtu mmoja, ampe kitu kimoja cha kula, kimoja baada ya kingine, na kila mara amuulize ametosheka kiasi gani, halafu achore. Alichemsha mayai sita. Aliyachagua kwenye debe kwa muda mrefu, akiyapima kwa kidole gumba na cha shahada, kwa sababu yalitakiwa yawe sawa.

"Mbona usitumie wote wawili?" Mama alimuuliza akiwa anafua nje.

"Anahitajika mmoja. Na Shiru hajui nambari vizuri."

Basi nikakalishwa kwenye kiti cha mgeni. Anko alikaa mbele yangu na daftari. Niliona kwamba tayari amechora mistari miwili, mmoja umesimama na mwingine umelala, na katikati, kwa penseli hafifu, laini inayoteremka.

"Sikiza," akasema. "Unakula, unaniambia nambari. Moja mpaka kumi. Vile unaskia, si vile unafikiria mimi nataka. Ukinidanganya, mimi naanguka mtihani."

Hilo ndilo nililolishika. Sikuelewa kwamba ananiuliza juu yangu. Mimi nilijua nambari za kutoka moja hadi kumi kuwa ni za mwalimu: ndizo zinazoandikwa chini ya hesabu zako kwa wino mwekundu. Nilidhani tunasahihisha mayai.

Yai la kwanza, nikasema kumi. Lingepewa ngapi? Lilikuwa yai zima, la kwangu, lina chumvi, na sikuwa mgonjwa.

Anko akakuna kichwa. "Ukianza na kumi utaenda wapi sasa?"

"Tisa?"

"Tisa ni sawa."

La pili, nane. Hapo ndipo Shiru alipotokea mlangoni. Alikuwa na gauni lake la kijani lililopauka, mguu mmoja juu ya mwingine, kidole mdomoni. Alitazama yai mkononi mwangu, akatazama mdomo wangu, akatazama maganda kwenye sahani. Nilijua anavyotazama akitaka kitu, tulikuwa tumelala kitanda kimoja tangu azaliwe, na huu ulikuwa mtazamo mwingine. Lakini sikuwa na jina la huo mwingine, nikaupa hili nililokuwa nalo. Nikasema moyoni, anataka yai.

La tatu, nikasema tano. Kalamu ya Anko ilitembea kwa furaha.

"Anko, hili la nne nimpe Shiru?"

"Hapana. Mtumiaji ni mmoja. Ukimgawia, kazi yote imeharibika."

"Nusu tu."

"Kula, mama."

La nne, tatu. Nilijaribu kuficha kiini ndani ya shavu ili baadaye nimpelekee, kikayeyuka kikawa unga, na unga ule ukashikana na kaakaa.

Wakati huo Kokoo akaingia na galoni ya maziwa. Alikuwa nyanya wa boma la jirani, Mmaasai, na alituletea maziwa kila asubuhi. Alisimama akatazama mambo yale.

"Sopa," akatusalimu. "Huyu nakula nini peke yake?"

Anko akamweleza kwa adabu kwamba anahesabu kutosheka kwa mtoto.

"Wewe nahesabu mtoto akikula?"

"Ni masomo, Kokoo."

Kokoo alicheka, kisha akaacha kucheka. "Sisi hapana hesabu. Ngombe, hapana. Mtoto, hapana. Jioni mimi nasimama hapo kwa mlango ya boma, naangalia, najua gani hayuko." Akaelekeza fimbo yake kwa Shiru. "Kama huyu. Huyu hayuko. Amesimama hapo, lakini hayuko. Kuna kitu amefanyiwa?"

"Anataka yai," nikasema.

"Anataka yai," akasema Anko, bila kuinua macho.

Kokoo akamtazama Shiru tena, akaweka galoni chini, akaenda. Watu wazima wawili na mtoto mmoja, na aliyeona ni yule ambaye hakuwa na daftari. Lakini hata yeye hakuuliza mara ya pili, na simlaumu. Alikuwa na nyumba nyingine za kupelekea maziwa.

La tano, moja. La sita lilinishinda kumeza, nikawa nalisukuma kwa chai. "Sifuri," nikasema, machozi yakinilengalenga.

"Iko chini ya sifuri," Anko akaninong'oneza, kama anayenipa jibu kwenye mtihani. "Ukisikia iko chini, sema."

"Toa mbili."

Akapiga paja. Ile laini ya penseli na nukta zangu vilikaribiana kama ndugu. Kazi hiyo ilirudi na wino mwekundu, vizuri sana, na akaibandika ukutani juu ya kitanda chake. Ilikaa pale mpaka alipohama.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na nataka niiseme bila kuongeza. Nambari zangu zilikuwa sahihi. Zilishuka jinsi kitabu kinavyotaka zishuke. Lakini zilishuka kwa sababu ya mtu aliyesimama mlangoni, ambaye hakuwa na mstari wake kwenye karatasi. Na kwa haki lazima niseme pia kwamba tumbo nalo lilikuwa limejaa. Yai la nne lilikuwa limeanza kunikinai lenyewe. Ni kiasi gani kilikuwa tumbo na kiasi gani kilikuwa Shiru, sijui. Nimejaribu kutenganisha, nikiwa mtu mzima, nimeshindwa. Kama mimi mwenye tumbo nimeshindwa, yule mwalimu wa Anko alitoa wapi uhakika wa kuandika vizuri sana?

Wiki iliyofuata ndiyo iliyoniumiza. Shiru aliacha kusema nami. Usiku wa kwanza alitoka kitandani akatandika magunia chini, akalala huko. Nikasema sawa, hataki kulala na mlafi. Asubuhi tulikuwa tunapigania ule utando wa juu ya maziwa, kila siku, kwa kucha; asubuhi hiyo alisukuma kikombe kizima upande wangu na kutazama ukutani. Nikasema hataki kitu nilichogusa. Tulipoenda kisimani alinyakua mtungi wangu mkubwa, akaniachia wake mdogo, akatangulia mbio maji yakimwagika mgongoni. Nikasema anaona haya kutembea na mimi. Nilimwita mara mbili, hakugeuka. Kila nilipokula, alinitazama mdomo.

Nilimwambia Mama kwamba Shiru amenichukia. Mama akasema, "Watoto hawachukiani, wanachoka tu," akaendelea na kazi yake.

Ikafika Jumamosi nyingine, tukagombania kamba ya kuruka, nikamchapa nayo mguuni. Nilikuwa nimechoka kuhukumiwa. Badala ya kulia, alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini vumbini. Usiku huo alirudi kitandani akaniwekea miguu yake ya baridi mgongoni kama kawaida. Nikaelewa kwamba amenisamehe kwa dharau, kwamba ameona nilivyo na amekata tamaa nami. Ndivyo mtoto anavyojieleza mambo, na maelezo hayo nimetembea nayo mpaka nikawa na mvi.

Kwa sababu hayakuishia hapo. Kila Krismasi tukikutana, mtu akitaja mayai Shiru husema, "Muulizeni dada yangu, ndiye mtaalamu, alikula sita akiwa mtoto." Watu hucheka. Mimi hucheka. Na sahani ya mayai ikipita, yeye huipitisha bila kuchukua, akinitazama kidogo. Niliuona mkono ule ukiipitisha sahani mwaka baada ya mwaka, na kila mara niliusoma vilevile: bado. Ndiyo maana nimekuwa dada wa namna fulani kwake. Sijawahi kukataa ombi lake. Nguo nikinunua mbili, nzuri ni yake. Mume wangu aliwahi kuniuliza kama nina deni kwake, nikamwambia ni mapenzi. Ilikuwa mapenzi, lakini si hayo peke yake.

Basi baada ya ile orodha ya binti yangu nikaona yatosha. Juzi nimechemsha mayai sita, nimeyafunga kwenye kitambaa ndani ya bakuli lenye kifuniko, na chumvi pembeni, nikaenda kwa Shiru. Ana duka la dawa za mifugo Kajiado mjini. Nilimkuta akimwonyesha mzee mmoja jinsi ya kupima dawa ya minyoo kwa mbuzi, kwa uzito wa mbuzi, si kwa idadi. Nikangoja. Mzee alipotoka nikaweka bakuli juu ya kaunta, nikalifungua.

"Nini hii?" akasema.

"Yako. Yalikuwa yako nusu."

Akatazama mayai, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni nikaona ule mtazamo wa mlangoni. "Una shida gani? Umeenda hospitali?"

"Shiru, nakuomba msamaha. Ile siku ya Anko. Nilijua unataka, na nikala yote."

"Nilitaka nini?"

"Mayai."

Alivuta kiti akakaa. Aliniuliza kama nasema ukweli. Halafu akaniambia, polepole, kama anayemweleza mteja dawa aliyoitumia vibaya.

"Wewe nilidhani unakufa."

Nikaweka kifuniko cha bakuli chini.

"Cucu si alikuwa anapewa moja. Moja tu kwa siku, na alienda. Wewe nikakuta unapewa sita, na Anko anaandika kama daktari, na unalia. Ulikuwa unasema nambari zinateremka. Nane, tano, tatu. Nilidhani ni siku umebakisha."

"Si ungeuliza."

"Niulize nani? Kwa Cucu tuliuliza wakatuambia amepona ameenda nyumbani."

Nikamuuliza kuhusu magunia. Akasema Cucu alipewa kitanda peke yake, kwa hivyo mimi pia nilitakiwa nipewe. Maziwa? Ya mgonjwa. Mtungi? "Ungebebaje mtungi na unakufa?" Nikamuuliza kwa nini alikataa hata kunijibu, akasema alijua akifungua mdomo atalia, na Mama alitukataza kulia mbele ya Cucu.

"Na ile siku ya kamba?"

"Ulinichapa vizuri sana. Nikajua umepona."

Mtu angetegemea nifurahi. Nilikasirika, na sijui nilimkasirikia nani. Wiki nzima nilipendwa kuliko nilivyowahi kupendwa tena, na mimi nikaiandika kama chuki. Nilikuwa nalala kitanda kimoja naye, najua hata miguu yake ina baridi kiasi gani, na nikakosea kila kitu. Halafu mtu anatoka na kalamu, hajui hata jina lako, anakuuliza umetosheka ngapi, na anakwenda kuchora.

"Lakini Krismasi," nikasema. "Mbona unapitisha sahani?"

"Mimi sili mayai, wewe. Tangu hiyo siku. Harufu yenyewe hunifunga koo." Akasogeza bakuli kwangu kwa kidole kimoja. "Na wewe miaka yote unaniletea keki za mayai matano kila nikizaa."

"Ulikuwa unazipeleka wapi?"

"Kwa majirani. Walikuwa wanakupenda sana."

Tulicheka hapo, ingawa mimi nilicheka nikiwa bado nimekunja uso. Nilitaka kulifunga bakuli nirudi nalo. Akanizuia mkono. Alichukua yai moja, amegeuza pua pembeni, akalimenya lote kwa ustadi mbaya wa mtu asiyeligusa, vipande vya ganda vikibaki, akaniwekea kwenye kiganja. Kisha akaenda akasimama kwenye mlango wa duka, palipo na hewa, mguu mmoja juu ya mwingine.

"Kula nikuone," akasema.

Nikala. Lilikuwa limepoa, kiini kina ule mstari wa kijani kwa kuchemshwa sana. Aliningoja nimalize kumeza.

"Ngapi?"

Nilifikiri kwa kweli. Nilitaka kwa mara moja nitoe jibu la haki. Nikamwambia sijui.

"Basi ongeza chumvi," akasema Shiru.